Siku Mjomba Alipolipia Palizi Mara Mbili

Vijana wawili waliompalilia Mjomba shamba walinijia nyumbani jioni moja ya mwezi wa sita, majembe bado yako begani. Waliniamkia, wakakaa kwenye benchi, wakakataa maji. Mkubwa wao akatoa noti zilizokunjwa mfukoni akaniwekea gotini. Shilingi 180,000.

"Hizi ni za Mjomba wako," akasema. "Jana alitulipa. Leo asubuhi tumepita kumsalimia, katuita ndani katulipa tena. Tukamwambia, Mzee, mbona umeshatulipa? Akatufokea, akasema yeye hajawahi kulala na deni la mtu. Tukaona tusibishane naye. Tumezileta kwako, wewe ndiye mtu wa hesabu."

Niliwashukuru, nikawapa ya soda, wakaenda zao. Usiku, nimelala naangalia dari, ndipo nilipoelewa kile walichoniletea. Mjomba wangu ni mtu ambaye, bila kufungua karatasi yoyote, aliweza kukuambia msimu fulani alipeleka kilo ngapi ghalani, karani alikata ngapi kwa madai ya unyevu, na yeye alijibu nini. Mpaka leo anakusimulia Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaingia vijijini kwetu kubeba. Anakutajia ghala, foleni, na nani alikuwa mbele yake kwenye foleni. Ila jana haipo. Jana imekatika kama uzi.

Naandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, Mjomba ndiye aliyenilea hapa Newala. Pili, kazi yangu ni fedha za watu. Nilikuwa afisa mikopo katika benki moja kwa miaka 9, na tangu niache nakaa na wakulima na vikundi vya kuweka na kukopa, nawasaidia kupanga pesa ya msimu. Mjini wangeniita mshauri wa fedha. Huku naitwa mtu wa hesabu, na mimi nalipenda zaidi jina hilo. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunifundisha la kufanya pale mteja aliye mbele yangu anapoanza kupotea huku ameketi palepale kwenye kiti.

Asiyejua korosho anaweza kudhani ni jambo dogo. Kwa mwenye mshahara, kosa la mwezi huu hurekebishwa mwezi ujao. Pesa ya korosho inakuja kwa kishindo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unakwenda ghala kuu, unauzwa kwenye mnada wa chama kikuu cha ushirika (huku Newala na Tandahimba ni TANECU, wenzetu wa Masasi na Mtwara wana MAMCU), kisha malipo yanaingia kwenye akaunti. Minada inaanza Oktoba. Kwa hiyo ndani ya wiki chache pesa ya mwaka mzima, ya chakula, ya ada, ya salfa ya kupulizia mikorosho msimu ujao, ya palizi, imekaa mahali pamoja na funguo yake iko kwenye kichwa cha mtu mmoja. Kichwa hicho kikianza kuvuja, mwaka mzima unavuja.

Na wanaonusa uvujaji huo wapo. Yupo mnunuzi wa kangomba, yule wa magendo nje ya mnada, anayekuja na bakuli lake la kupimia wakati korosho bado ziko juu ya mti. Nimekutana na mzee aliyewauzia wawili mzigo uleule, siyo kwa ujanja, bali kwa kuwa yule wa kwanza alikuwa ameshafutika akilini. Alipodaiwa aliona aibu mpaka akaacha kwenda msikitini. Yupo wa ujumbe wa simu, "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao sisi tunaucheka na kuufuta, lakini mtu asiyekumbuka kama kuna hela aliahidi au hakuahidi, yeye anatuma. Yupo pia mtoto aliyefika kutoka Dar es Salaam mwezi wa kumi na moja, baada ya miaka minne ya kutopiga hata simu.

Mwaka 2020 huko Marekani ilichapishwa tafiti iliyolinganisha kumbukumbu za malipo ya mikopo ya wazee na taarifa zao za hospitali. Wale waliokuja kugundulika kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu walianza kuruka malipo ya madeni yao hata miaka sita kabla ya daktari kuwaambia lolote. Miaka sita! Maana yake anayeuona ugonjwa kwanza si daktari. Ni keshia wa dirishani, ni wakala wa pesa za simu, ni karani wa AMCOS, ni kijana wa palizi. Na hapa kwetu tusijidanganye kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta wenye tatizo hilo ni kama 6 katika kila 100. Sisi tunasema tu "mzee amekuwa mtoto", au tunanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, halafu tunaendelea kumpa makaratasi asaini.

Makaratasi. Hapa lazima niseme jambo ambalo nimelibeba muda mrefu.

Nikiwa mwaka wa tatu benki, aliletwa mzee mmoja na kijana wake. Walitaka mkopo wa shilingi 3,000,000, kijana anunue pikipiki ya biashara, mzee ndiye mkopaji, dhamana ni hatimiliki ya kimila ya shamba lake. Kila kitu kilikuwepo: barua ya mtendaji wa kijiji, picha, mashahidi, akaunti inayopokea pesa za korosho. Nilimweleza masharti kama nilivyofundishwa. Nilipomaliza akaniuliza, "Hii ni ile ya korosho?" Nikamwambia, hapana Babu, huu ni mkopo. Akaitikia. Nikafungua ukurasa wa pili, akauliza tena, "Sasa korosho wamelipa ngapi safari hii?" Kijana akacheka, akasema mzee amechoka na safari. Mara ya tatu alipouliza, mimi nilijibu, "Ndiyo Babu, weka dole hapa."

Nilijua. Sikujua jina la ugonjwa, lakini nilijua mtu huyu hajui anachofanya. Na nilijua pia kuwa mwezi ulikuwa unaisha na nilikuwa bado na mikopo miwili ya kufikisha lengo. Nikampaka wino kwenye dole gumba, nikalibonyeza mwenyewe kwenye karatasi kwa sababu mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Msimu uliofuata korosho zake zilipoingia, marejesho yalikatwa yote kwa mkupuo, maana pikipiki ilikuwa imeshauzwa. Akaja kaunta kuuliza pesa yake. Alikuja siku nne mfululizo. Kila siku alielezwa, kila siku aliondoka ameelewa, na kila siku alirudi. Siku ya nne mimi nilitokea mlango wa nyuma ili nisipite mbele yake.

Karatasi zote zilikuwa sawa. Mkaguzi yeyote angepita nazo. Baadaye sana, nilipoisoma Sheria ya Mikataba kwa macho yangu, nikakuta kifungu cha 12 kinasema mtu ana akili timamu ya kuingia mkataba iwapo, wakati anapoufanya, anaweza kuuelewa na kupima kwa busara athari yake kwa masilahi yake. Wakati anapoufanya. Sheria hiyohiyo inasema ambaye kwa kawaida akili yake haijakaa sawa, lakini kuna nyakati inatulia, anaweza kuingia mkataba katika nyakati hizo. Na ambaye kwa kawaida yuko sawa, lakini kuna nyakati anachanganyikiwa, hawezi kuingia mkataba akiwa amechanganyikiwa. Makubaliano ya asiyekuwa na uwezo huo ni batili. Kwa hiyo lile dole halikuwa na thamani hata ya wino wake, na mimi niliyelibonyeza ndiye niliyekuwa na akili timamu pale mezani.

Kwa hiyo vijana wa palizi waliponiwekea 180,000 gotini, sikuweza tena kutokea mlango wa nyuma.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilikosea. Nilikwenda kwa Mjomba na daftari na kumfanyia mtihani. Leo tarehe ngapi, Rais nani, umelipa nani wiki hii. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kama nimeajiriwa polisi. Akasimama akaenda zake chini ya mkorosho, na siku ile hatukula pamoja. Alikuwa na haki. Kutojua tarehe hakumzuii mtu kujua anataka nini na shamba lake. Nimeshakutana na wazee ambao tarehe hawajawahi kuifuata tangu ujana wao, wanahesabu kwa msimu na kwa mwezi mwandamo, na ukiwagusa kwenye bei ya korosho wanakushinda.

Sheria ya Uingereza na Wales ya 2005 kuhusu uwezo wa mtu kujiamulia inauliza mambo manne, na mimi nimeyachukua kwa sababu yanaeleweka hata chini ya mti. Je, anaelewa anachoambiwa? Anaweza kukishika akilini muda wa kutosha kuamua? Anaweza kukipima, faida huku na hasara huku? Anaweza kukueleza alichoamua, kwa maneno au hata kwa ishara? Na mambo hayo unayauliza kwa uamuzi mmoja, siyo kwa mtu mzima mzima. Mjomba hawezi tena kupima mkopo wa riba. Lakini anaweza kabisa kuamua nani avune upande wa bondeni, na nani asikanyage kule. Tukisema "mzee hana akili tena" tumemnyang'anya vyote viwili kwa kosa la kimoja.

Shida kubwa zaidi kwetu ni neno moja: "nimeelewa". Mzee wa huku ukimuuliza "umeelewa?" atasema nimeelewa. Atasema kwa adabu, kwa kuwa umejisumbua kumweleza. Atasema kwa heshima yake mwenyewe, maana si vizuri mtu mzima kuonekana hajaelewa mbele ya kijana. Na kijana naye hawezi kumwambia mzee wa umri wa babu yake, hebu nirudishie nilichosema, kama mwalimu na mwanafunzi. Heshima yetu, ambayo naipenda na sitaki ife, ndiyo inayofunika kila kitu. Mimi sasa namwomba mzee anisaidie. "Babu, nyumbani watakuuliza tumezungumza nini. Utawaambiaje?" Hapo anasimulia, na katika kusimulia unajua. Mwingine anakupa kila kitu kwa mpangilio kuliko ulivyosema wewe. Mwingine anaanza vizuri, kisha anaingia 1974 na haturudi tena.

Na saa nayo ina neno. Mjomba wa saa mbili asubuhi, ameshakunywa uji na jua halijawa kali, siye Mjomba wa saa kumi. Asubuhi anakukatalia kwa sababu. Jioni anakukubalia kila kitu, akitaka tu uondoke. Mtu akikuletea mzee benki saa tisa na nusu mlango unakaribia kufungwa, mwambie arudi kesho asubuhi. Kama jambo ni la halali, kesho litakuwa bado la halali.

Tulimpeleka hospitali. Hili liwe mapema, na nasema hivi kwa mkazo kwa sababu mimi nilichelewa wiki tano nikiwaza fedha. Daktari alipima malaria, sukari, presha, wingi wa damu, mkojo. Akatueleza kuwa mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla kwa homa, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa upungufu wa damu, kwa dawa, hata kwa huzuni, na ukitibu hilo akili inarudi. Mjomba alikutwa na maambukizi ya mkojo. Akapewa dawa, na kwa kama mwezi mmoja alirudi karibu wote. Nyumba nzima ilishangilia. Kisha taratibu mteremko ukaendelea. Lakini mwezi ule ulikuwa zawadi, na ndio tuliofanyia mambo yote ya maana. Kama tungekuwa tumeshauza, tumeshagawa, tumeshamfungia kadi, angerudi akakuta nini?

Mwezi ule ndipo aliponiambia anataka kutoa shilingi 600,000 kwa ajili ya unyago wa wajukuu wawili wa dada yake. Moyo wangu wa benki ukaruka. Nilishaandaa maneno: salfa, chakula, mwakani. Nikamuuliza kwa nini kiasi hicho. Akanieleza bila kusita kuwa mama yao alipochezwa, yeye Mjomba alikuwa hana kitu, walikopa ngoma na walikopa unga, na kwamba alijiwekea ahadi. Hakuna ugonjwa pale. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua anachonunua, hata kama mimi nisingeununua. Mashine ya pili ya kupulizia salfa ilhali ya kwanza iko ndani, mpya, haijatolewa hata nailoni, huo ndio ulikuwa ugonjwa. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi yenyewe, na hakuna fomu itakayokufanyia. Ni lazima uwe umemjua mtu kabla, au umtafute aliyemjua.

Sasa nije kwenye damu. Sisi Wamakonde tunahesabu ukoo kwa mama. Mjomba ni ndugu wa mama yangu, na kwa mila ya zamani mpwa ndiye mtu wake. Mjomba pia ana watoto wake watatu, ni Mwislamu, na nchi ina mahakama zake. Kikao kilipokaa nyumbani kwake kila mtu alikuja na sheria inayomfaa. Wapwa walitaja mila. Watoto walitaja dini. Mkwe mmoja aliyesoma akataja serikali. Kwa karibu saa tatu watu walizungumza juu ya mali ya mtu aliyekuwa hai, ameketi pale pale kwenye mkeka, akitafuna muhogo. Mtoto mkubwa akapendekeza kadi ya benki na namba ya siri akae nayo yeye. Ndugu zangu wa upande wa mama wakasema hapana, nikae nayo mimi, kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu.

Nilikataa, na dada yangu hajanisamehe. Lakini mimi ni mpwa. Mtu akifa leo, kuna mila inayonipa kitu. Mshauri anayeweza kufaidika na ushauri wake asishike funguo, hata kama ni mwaminifu kama maji ya kisima. Na kushika namba ya siri ya mtu mwingine si kumsaidia. Ni kujifanya yeye. Siku pesa ikipotea, hakuna rekodi itakayosema nani alibonyeza.

Wengine walishauri hati ya uwakilishi, Mjomba asaini kwa mwanasheria kumpa mtu mamlaka. Ni njia nzuri kwa mgonjwa wa mguu, au kwa aliyesafiri. Tatizo ni kwamba uwakala wa kawaida, kwa sheria yetu ya mikataba, unakoma pale aliyetoa mamlaka anapopoteza akili timamu, yaani unakatika siku ileile unapouhitaji. Wenzetu wa Uingereza wametengeneza hati maalumu inayoendelea kuishi baada ya hapo. Kwetu, akili ikishaondoka kweli, njia ni mahakama: Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaipa uwezo wa kuweka msimamizi wa mali ya mtu wa namna hiyo, na huyo msimamizi anawajibika mbele yake. Siku hiyo itafika kwetu, nimeshaanza kuwaandaa ndugu. Wanaiogopa mahakama kama wanavyoiogopa hospitali.

Tulichokifanya katika mwezi ule ni kidogo na cha kawaida. Sehemu kubwa ya pesa iliingia akaunti ya muda maalumu, ambayo huwezi kuichota kwa hasira za siku moja. Akafungua akaunti ya pili ndogo, na kila mwezi inaingia humo 150,000 kwa agizo lake mwenyewe. Hiyo ni yake, aitumie atakavyo, alipie palizi mara tatu akitaka. Simu yake inabaki na salio dogo. Nilimweleza mpango huu asubuhi tatu tofauti, na asubuhi zote tatu alinieleza yeye kwa maneno yake, na mara ya tatu aliongeza sharti ambalo mimi sikulifikiria: pesa ya sanda ikae pembeni, isiguswe, isiingizwe kwenye hesabu za mtu yeyote.

Kuna jambo moja lingine, na hili nalifanya sasa kwa kila mteja, kijana kwa mzee. Marekani, chombo kinachosimamia madalali wa hisa, FINRA, kilianza Februari 2018 kuwataka wajitahidi kupata kwa kila mteja jina la mtu wa kuaminika. Mtu huyo hana mamlaka yoyote juu ya pesa. Ni wa kuambiwa tu, pale mambo yanapoonekana hayaendi sawa. Wakati huohuo walipewa ruhusa ya kuzuia kwa muda malipo yenye dalili za kumnyonya mzee, kwa kuanzia siku 15 za kazi, ili pawe na nafasi ya kuuliza. Sisi huku hatuna hisa, lakini swali hilo halihitaji soko la hisa. Fomu zetu zina nafasi ya "ndugu wa karibu", na hiyo inajazwa haraka haraka, jina la mtoto wa kwanza, tupite. Mimi nauliza hivi: "Siku nikiona hesabu zako zinakwenda kombo, unaniruhusu nimwambie nani?"

Laiti ungesikia majibu. Wengi hawamtaji mtoto wa kwanza. Wananyamaza kwanza. Mmoja alimtaja jirani anayeswali naye alfajiri. Mmoja karani wa zamani wa AMCOS, ambaye waligombana naye mara nyingi juu ya mizani, "lakini hakunipunja". Mama mmoja wa Mahuta alinitajia wifi yake, kisha akanishika mkono akanitajia pia nani nisimwambie kamwe, hata akija analia. Hilo la pili nimeliandika kwa herufi kubwa. Siri ya mteja ni yake. Wapo wazee wanaoficha pesa kwa ndugu kwa sababu wanawajua ndugu zao, na kumwendea mtoto kwa nia njema ukamwaga kila kitu kunaweza kuwa ndiyo mwanzo wa kuibiwa kwao. Ndiyo maana swali linaulizwa mapema, akili ikiwa nzima, jibu likaandikwa, na likarudiwa kila msimu.

Mjomba nilimuuliza asubuhi ya pili, chini ya mkorosho. Nilitegemea jina la mama yangu. Pengine, niseme kweli, nilitegemea langu.

Alimtaja mtalaka wake.

Waliachana zaidi ya miaka 20 iliyopita, na ameolewa na kufiwa tena huko Nanyamba. Nikamuuliza Mjomba kama amesikia swali langu vizuri. "Nimesikia," akasema. "Siku anaondoka kwangu alitenga vyombo mbele ya wazee. Vyake huku, vyangu kule. Kulikuwa na kijiko kimoja hakuna anayejua cha nani. Alikiacha."

Nilikaa na jina hilo miezi kadhaa. Mwezi wa pili mwaka huu, msimu ulipokwisha, Mjomba alianza kusema tumemwibia. Alizunguka nyumba tatu akidai watu pesa kwa majina, na majina mengine ni ya waliokwisha kufa. Nikapanda gari asubuhi, nikaenda Nanyamba.

Nilimkuta uani akimenya muhogo. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mama. Hakuuliza kwa nini nimekuja. Nikamweleza kwamba Mjomba mwenyewe ndiye aliyelitoa jina lake akiwa na akili yake, nikamsomea siku na maneno kama nilivyoyaandika, pamoja na ile habari ya kijiko. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama mkononi.

"Hao anaosema wanamdai, na anaowadai," akasema, "umewaandika?"

Nilikuwa nimewaandika, ukurasa mzima. Hasomi, kwa hiyo nikamsomea mmoja mmoja. Akawa anaendelea kumenya. Kwa majina mengine alitikisa kichwa. Kwa mengine alisema huyo simjui, wa baada yangu. Nilipofika jina la saba, mtu wa Mkunya, shilingi 40,000, akaniinulia mkono.

"Futa. Alilipa. Alileta mbuzi jike mwenye mimba, mwaka wa njaa, mimi ndiye niliyempokea." Akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga. "Soma taratibu, mwanangu. Anza tena juu."